Mlango Hausukiki: Niliyojifunza Nikihamisha Nakshi za Mawe na Mbao Kwenye Ukili

Kili 30, yaani mikanda ya ukindu iliyosukwa ili ishonwe pamoja kuwa mkeka, zilikuwa zimetandazwa barazani kwa bibi yangu, Pemba, kila mmoja una urefu wa mita 3, na nakshi zake hazikukutana hata mahali pamoja. Waridi lililotakiwa liwe duara lilikatika vipande kama sahani iliyoanguka. Mnyororo uliotakiwa kupanda wima ukingoni ulikwenda hanamu mpaka ukapotea. Wanawake wanne waliosuka walikaa kimya wakinisubiri niseme. Bibi ndiye aliyesema: "Hawa wamesuka ulichowapa, mjukuu wangu. Tazama karatasi yako."

Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya siku ya kukabidhi kazi hiyo ya kutundikwa hotelini, na malipo ya awali nilikwisha kuyatumia yote.

Tangu kazi ile ikamilike na kutundikwa, vijana kadhaa wamenifuata wakitaka kufanya kama nilivyofanya: kuchukua nakshi za majumba ya zamani na kuzitia katika mikeka, mikoba au nguo za kufumwa. Nafurahi sana wakija, na kila mmoja nimemweleza kipande kipande. Hapa naeleza yote kwa pamoja, pamoja na fedha, kwa sababu fedha ndiyo watu wanayoificha wanaposimulia kazi za sanaa.

Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe. Milango ya kuchongwa nimeipita kila siku nikienda skuli, na likizo nilipelekwa Pemba, ambako kusuka ukili kulikuwa kazi ya alasiri kwa kila mtoto wa kike. Vitu hivi viwili vilikaa kichwani mwangu mbalimbali kwa miaka mingi. Siku ya tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka na kuua watu, nilikwenda jioni nikasimama mbali na kifusi. Niliporudi nyumbani nilitoa daftari nikaanza kuchora nakshi za milango ya mtaani kwetu, moja baada ya nyingine, kwa hofu tu kwamba kesho huenda nisiikute. Miezi ikapita. Mwenye hoteli moja ndogo akaliona lile daftari, akaniuliza kama naweza kumtengenezea kitu cha kutundika ukumbini, penye ukuta mrefu wa ngazi: mita 3 kwenda chini, upana mita 1.8. Nikajibu naweza. Sikuuliza mtu yeyote kwanza. Bei tulikubaliana shilingi 1,800,000, na akanipa 600,000 za kuanzia.

Kosa la kwanza nililifanya hata kabla ya kununua ukindu. Nilikuwa nikipiga picha mlango wa nyumba ya watu bila ya kubisha hodi. Mama mwenye nyumba akatoka, akaniuliza nani amenituma. Nilimwamkia, nikaeleza, akaniruhusu, na mwishowe akanionyesha upande wa ndani ambao nisingeuona kamwe. Wenye milango ile wako hai na wanaishi nyuma yake. Bisha hodi.

La pili lilikuwa zito zaidi, na namshukuru Mungu lilizuiwa mapema. Milango mingi ya kiomani ina maandishi juu kwenye kizingiti, na mara nyingi ni aya za Qur'ani. Nilipochora, niliyanakili yale maandishi kama pambo, kwa sababu macho yangu yaliona mistari mizuri tu. Nilipomwonyesha bibi aliiweka karatasi chini, akaniambia ukili ni kitu cha kukaliwa na kukanyagwa; leo umetundikwa hotelini, kesho hoteli ikiuzwa utaishia wapi? Nikayafuta. Anayechukua nakshi za majumba yetu ajue kwanza anachonakili kinasema nini.

Sasa nirudi kwenye lile waridi lililovunjika, maana hapo ndipo penye somo lenyewe.

Nilichora kwenye daftari la hesabu, lile lenye viboksi. Kila kiboksi nikakihesabu kuwa chane moja, yaani utepe mwembamba wa ukindu uliochanwa. Viboksi vinakaa wima na ulalo, kwa hiyo waridi la mlangoni, lile duara lenye majani yake, lilikaa vizuri sana karatasini. Lakini ukili hauna wima wala ulalo. Kila chane husafiri hanamu: inatoka ukingo huu, inapita juu na chini ya wenziwe, inafika ukingo wa pili, inakunjwa, inarudi. Ukitia chane nyekundu, wekundu ule utakwenda na kurudi upana mzima wa ukili mpaka chane iishe na kuungwa nyingine. Huwezi kuiambia itokeze katikati ya ua kisha ijifiche. Mimi nilikuwa najua kusuka tangu nina miaka minane, na mikono yangu ilijua haya yote, lakini niliposhika kalamu nikasahau kuiuliza mikono. Wale wanawake walijaribu kunifuata kwa kuchomeka vipande vifupi vya rangi juu ya msuko, na ndivyo vilivyokatikakatika.

Bibi alinikataza nisithubutu kuwapunja. Nilikuwa nimeahidi shilingi 6,000 kwa pima (karibu mita 1.8), na zilikuwa pima 50. Nikiri kwamba usiku ule niliwaza kuwalipa nusu, nikajiambia kazi haikufaa. Asubuhi nikawalipa 300,000 kamili, kwa sababu makosa yalikuwa ya karatasi. Nadhani lau ningewapunguzia, wasingekubali kurudi mara ya pili, na bila ya wao hakuna kazi.

Rangi nayo iliniangusha. Nilinunua unga wa rangi wa dukani, ule unaochemshwa sufuriani pamoja na chane: zambarau, waridi, kijani. Ukitoka kwenye maji unang'aa mpaka roho inafurahi. Lakini kipande cha majaribio nilichokiacha dirishani kwa sababu nyingine kabisa kilipauka ndani ya mwezi mmoja. Kwa mkeka wa kulalia ndani si neno. Mkeka unachakaa, unasukwa mwingine. Kwa kitu cha kutundika miaka kumi penye mwanga wa jua, ni hasara. Siku hizi kila rangi naijaribu hivi: nakata ukili wa shubiri moja, nusu naifunika kwa karatasi nene, naubandika kwenye dirisha la mashariki kwa wiki sita, kisha naifunua. Manjano ya jikoni, kwa mfano, hutoa rangi nzuri ya dhahabu lakini jua huila haraka sana.

Nikawa sina kazi, sina fedha, na sina wazo. Nilimpigia simu mwenye hoteli nikamwambia ukweli, nikaomba miezi mitatu zaidi. Nililala siku mbili kabla ya kupiga simu ile kwa woga, na yeye akajibu kwa dakika moja kwamba sawa. Ukiona kazi imeharibika, sema siku hiyo hiyo. Kila siku niliyoichelewesha ilinitesa mimi peke yangu.

Fundi mmoja wa kuchonga milango, mzee wa mjini ambaye nilikuwa nikikaa karakanani kwake, ndiye aliyenitoa gizani. Aliniambia maua na majani ya milango yetu mingi ni mtindo wa karne ya 19, wa enzi ya utajiri wa karafuu, wenye mkono wa Kihindi na wa Kiomani ndani yake. "Hayo ni ya patasi," akasema, "patasi inazunguka. Wewe kitu chako hakizunguki. Nenda ukatazame Lamu." Shangazi yangu ameolewa Lamu. Nikakopa nauli.

Safari yenyewe ni ndefu: boti mpaka Dar es Salaam, basi mpaka Mombasa kupitia Tanga na mpaka wa Horohoro, basi jingine kupitia Malindi na Witu mpaka Mokowe, kisha boti ya kuvukia kisiwani. Kwenda, kukaa na kurudi kulinigharimu shilingi 540,000, na ningelipa zaidi kama si kulala kwa shangazi.

Nyumba za kale za Lamu, zile za karne ya 18, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haivuki mbali, ni kama mita 3, kwa hiyo vyumba vyote ni vyembamba na virefu, kimoja nyuma ya kingine: unatoka kiwanda, ambao ndio uwanja wa ndani, unapita msana wa tini, unapita msana wa yuu, ambazo ni kumbi mbili ndefu, mpaka chumba kiitwacho ndani. Nilisimama pale kwenye nyumba ya makumbusho nikatazama juu, nikaelewa kitu ambacho darasani sikuwahi kuambiwa: hakuna aliyekaa akachora chumba chembamba kwa sababu anakipenda. Mti ndio uliosema mwisho wake, na mwashi akatengeneza uzuri ndani ya mwisho ule.

Halafu zile zidaka. Ukuta mzima wa ndani umejaa vishubaka vya chokaa, safu juu ya safu, na kingo zake zimepambwa kwa nakshi zilizokatwa kwenye lipu: misumeno, almasi zinazofuatana, vijipembe vinavyorudiwa mpaka mwisho wa ukuta. Zote zinakwenda kwa mikanda, na ukili ni mkanda. Nilikaa chini nikaanza kuchora haraka haraka, nikahesabu ngapi kwa ngapi, na nikauliza zilipakwa rangi gani zamani. Bi mkubwa mmoja, jamaa ya mume wa shangazi aliyekuja nami, akaniambia taratibu: "Tezama kivuli, mwanangu."

Nakshi zile ni nyeupe juu ya weupe. Huko ndani hakuna dirisha la nje. Mwanga unatoka kiwandani, unaingia ubavuni, unagusa kila pembe iliyokatwa, na kivuli kidogo kinachobaki ndicho kinachokuonyesha almasi. Saa nne asubuhi nakshi inaonekana waziwazi, jioni karibu inatoweka. Nilikuwa nimehangaika na zambarau na kijani miezi miwili na nusu, na hawa watu walipamba nyumba nzima bila ya rangi hata moja.

Usiku ule kwa shangazi nilisuka kipande kwa ukindu mweupe mtupu. Ukisuka moja juu moja chini, ukili unakuwa laini, bapa. Ukisuka mbili juu mbili chini, unapata mistari ya hanamu inayoinuka kidogo. Ukigeuza upande wa mistari kila baada ya hesabu fulani, inapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Nikakishika karibu na taa ya mezani, nikaisogeza taa pembeni. Pale nililia, na shangazi akaja akidhani nimepokea habari mbaya.

Niliporudi Pemba sikutoa karatasi tena. Nilipeleka kile kipande, nikawapa wakishike, wakakifumua wenyewe na kukisuka upya. Tulipanga pamoja: ukili wa chane 17, kila chane karibu nusu sentimita, upana wake sentimita 6. Kila ukili ubebe nusu ya almasi, ili zikishonwa mbili almasi ikamilike kwenye mshono. Na chane moja tu nyeusi katika kila ukili wa tatu, iachwe isafiri inavyopenda kwenda na kurudi, iwe ndiyo mnyororo wa ukingoni mwa mlango. Weusi tuliutoa kwenye mdaa, mti wa kutilia rangi, kama walivyofanya mabibi zetu: kuchemsha, kuloweka, kuanika, kurudia mpaka rangi ikolee. Inachukua siku, na si weusi wa dukani, una udongo ndani yake. Kipande chake cha majaribio kilikaa dirishani wiki sita, na nusu zake mbili, iliyofunikwa na isiyofunikwa, sikuzitofautisha.

Almasi kukutana kwenye mshono si mchezo. Kila mtu ana mkono wake. Mmoja anabana, mwingine analegeza, na kili mbili zenye hesabu ile ile zikifika mita 3 zinapishana kwa upana wa vidole vitatu. Tulipoteza siku nne hapa. Hatimaye tulikata vijiti vya urefu mmoja, kila msukaji akawa na chake, na kila baada ya almasi tano anapima. Ikizidi anabana, ikipungua analegeza. Na kili zinazopakana zisukwe na mikono ile ile. Mimi mwenyewe nilisuka tatu.

Ukindu husukwa ukiwa na unyevu, la sivyo unavunjika kwenye kunja. Wakati wa kaskazi, jua kali, tulisuka alfajiri na baada ya alasiri tu, chane zimefungwa katika kitambaa kibichi. Lakini ukikauka, chane hunywea na ukili unalegea. Ukili wa sentimita 6 ulirudi karibu sentimita 5 na nusu. Zidisha kwa kili 30 uone: sentimita 15 za upana zimetoroka. Kwa hiyo tulisuka 33, tukazianika mpaka zikauke kabisa, tukazibana kwa mkono, ndipo tukashona. Anayeshona zikiwa mbichi atakuta mapengo. Na usipange kushona wakati wa masika. Tulipumzika siku tatu za mvua kubwa na kili mbili zikaota ukungu. Tukazisugua, tukazianika, moja ikabaki na madoa tukaitupa.

Jambo la mwisho la ufundi ambalo sikulijua ni kutundika. Mkeka umezaliwa kulala. Ukiutundika, kwa kuwa msuko wake ni hanamu, uzito unauvuta: unarefuka na kupungua upana. Nilijaribu ukutani kwetu usiku mmoja, asubuhi umeshuka na kiuno kimeingia ndani. Nikaushona wote nyuma kwenye kitambaa cha marekani kizito, juu nikatia ubao, na nyuma nikapitisha fito tatu za mwanzi. Tangu hapo haujashuka.

Hesabu zenyewe ni hizi. Awamu ya kwanza: ukindu 240,000, rangi na kuni 85,000, wasukaji 300,000, jumla 625,000, yaani malipo ya awali hayakutosha hata hapo. Lamu 540,000. Awamu ya pili: ukindu 180,000, mdaa na watu wa kuutafuta na kuupika 110,000, wasukaji wanne kwa siku 12 kila mmoja 10,000 kwa siku, jumla 480,000, na usafiri, marekani na ubao 95,000. Ukijumlisha zote ni shilingi 2,030,000 kwa kazi niliyolipwa 1,800,000. Hasara ya 230,000, na miezi yangu saba sijaiwekea bei. Deni la nauli ya Lamu nililimaliza miezi minane baadaye kwa kuuza mikoba.

Mtaona kwamba mara ya pili niliwalipa kwa siku badala ya kwa pima. Malipo ya pima yanamhimiza mtu akimbie, na kazi ya nakshi inataka mtu awe huru kufumua. Siku mbili za mwanzo walifumua zaidi ya walichosuka, na hakuna aliyenung'unika. Leo sikubali kazi bila ya nusu ya fedha mkononi, na kabla ya kutaja bei nasuka kipande cha shubiri mbili, ambacho mwenye kuagiza anakilipia hata akighairi.

Bibi hakuweza kuja Unguja kuiona; miguu haimruhusu boti. Nilimpelekea picha kwenye simu ya binamu yangu, iliyopigwa asubuhi mwanga wa ngazi ukiingia ubavuni. Alinyamaza muda mrefu nikisikia kuku nyuma yake. Kisha akauliza ukili wa tisa kutoka kushoto kasuka nani, kwa sababu pale chini umebanwa. Ulikuwa mmoja wa zile tatu zangu. Nimekwisha kusuka mwingine na uko unakauka. Hewa ikikauka vizuri nitakwenda kuubadilisha.